Wanakuja Kupika Kwako

Lowell, Massachusetts
22 Machi 2026

Kwa Kimeli arap Sigilai, Kapsoit.

Sikutarajia kwamba mkono wangu ungeandika jina lako tena. Ni miaka kumi na minane na miezi miwili. Binti yangu Esnah amempata binti yako Cheptoo kwenye mtandao, na wamekubaliana kwamba nikiandika ataipiga picha karatasi na kuituma, naye Cheptoo akusomee. Usimwache akusomee. Soma mwenyewe, nilikufundisha.

Naishi kwa Esnah tangu mwaka wa 2014. Yeye ni nesi hapa Marekani. Mimi nina miaka themanini na moja, na moyo wangu unasukumwa na kifaa kilichoshonwa chini ya ngozi. Mwaka huu, tarehe nne Julai, nchi hii inatimiza miaka mia mbili na hamsini tangu ijitangazie uhuru. Maktaba yetu imewaomba wageni wasome Tangazo la Uhuru, kila mtu kwa lugha yake, kipande kwa kipande. Mimi nimepewa malalamiko. Ni orodha ya makosa ya mfalme wa Uingereza: amepora bahari zetu, amechoma miji yetu, ameangamiza maisha ya watu wetu. Nikiwa natafsiri niligundua kwamba nami nina orodha yangu, na jina lililo juu yake si la mfalme.

Lakini leo nauliza jambo moja tu. Mwanangu Momanyi aliuawa langoni kwangu asubuhi ya Jumatano, tarehe 16 Januari 2008. Mimi na Esnah tulikuwa tumeshuka kuchuma sukuma wiki, tukaona kila kitu tukiwa tumelala chini ya chai, ila nyuso za wauaji waliotugeuzia migongo. Polisi waliponirudisha pale siku mbili baadaye, nyumba ilikuwa majivu, damu ilikuwapo, mwili haukuwapo. Tulitenganishwa na ua mmoja, wewe na mimi. Mwanangu yuko wapi?

Mama yake, Nyabate, tulimzika Kisii mwezi mmoja kabla ya siku hiyo. Ubavuni mwake pana nafasi ambayo haijajazwa.

Lazarus Onyiego


Kapsoit
2 Aprili 2026

Chamgei, Mwalimu.

Barua imefika. Nimesoma mwenyewe, siku mbili, na miwani ya marehemu Rebeccah mke wangu. Hii yangu nayo Cheptoo ndiye amepika picha.

Nimefurahi uko hai. Hapa wengine walisema ulikufa Nakuru, wengine wakasema Kisii. Ile shamba yako huyo mtu ulimuuzia kupitia wakili amekata miti yote ya avocado, sijui ilimkosea nini.

Hiyo uhuru ya Marekani nilisikia kwa redio. Ati ilianza na chai, watu wakavamia meli wakamwaga majani yote baharini. Ni kweli? Mwalimu, hao watu hawajawahi kuchuma. Mtu amechuma na umande mpaka shati inashika mgongo hawezi kumwaga hata kikapu moja. Hata kama anachukia mfalme aje.

Magoti yangu imekataa mteremko. Kimutai, kijana wangu, ndiye anaangalia shamba sasa, ana watoto wanne. Mwaka ujao ni kura tena na vijana wameanza yale maneno. Juzi hapo senta, kwa maduka, mmoja alisema lazima madoadoa yaondoke, yaani watu wa makabila ingine. Nikamwambia, "Wewe, nyamaza." Akacheka. "Mzee, na ile mwaka ya nane mlikuwa mnafua nguo gani?"

Kuhusu Momanyi, hiyo swali tuiache kwanza. Kuna kitu ukifunua haifunikiki. Bole sana.

Ni mimi,
Kimeli


Lowell
22 Aprili 2026

Arap Sigilai,

Unaniambia tuiache. Umeiacha miaka kumi na minane.

Juzi Vinny, mtoto wa Esnah, alinipeleka Lexington, mji wa jirani, ambako risasi za kwanza za vita vya uhuru zilifyatuliwa mwaka wa 1775. Kila Aprili wanaigiza asubuhi ile. Askari wa makoti mekundu walijipanga upande mmoja wa uwanja, wakulima upande mwingine. Bunduki zikalia, moshi ukafunika nyasi. Wakulima wanane wakaanguka. Mmoja alitambaa kwa viwiko hadi mlangoni kwake, mkewe akatoka, naye akamfia miguuni. Nilikuwa nimemshika Vinny begani. Baadaye alimwonyesha mama yake alama za kucha zangu. Kisha mtangazaji akawashukuru watu wote kwa kuja, na maiti wote wanane wakainuka, wakajipangusa umande, wakaenda kunywa kahawa kwenye ukumbi wa kanisa. Mimi nilibaki nikitazama mahali walipokuwa wamelala.

Ndiyo, chai ilimwagwa. Masanduku mia tatu arobaini na mawili, bandarini Boston. Hilo nalo wanaliigiza. Lisiloigizwa, nimelitafuta vitabuni mwenyewe. Walikuwapo watu waliosema bado wanamtaka mfalme. Majirani waliwavua nguo, wakawamwagia lami ya moto, wakawapaka manyoya na kuwazungusha mjini kwenye mkokoteni. Lami ilipobanduliwa ilitoka na ngozi. Nyumba zao zilivunjwa, mashamba yakachukuliwa. Maelfu walipanda meli kwenda Kanada na watoto na masufuria yao. Nao walikuwa madoadoa, uchafu wa kutolewa kwenye nguo. Neno la kijana wako wa senta ni la zamani kuliko senta yenyewe.

Sasa nikwambie kilicho juu ya orodha yangu. Jumanne ile jioni, mkebe wa maziwa mliokuwa mkituletea kila siku ulikuwa na karatasi chini ya kifuniko. Ninayo hapa mezani. Imeandikwa: "Mwalimu, kesho asubuhi wanakuja kupika kwako. Watu ni wengi. Uwe tayari. K."

Wanawake wa kanisa la Kapsoit walikuwa wameahidi kuja kutupikia na kutuombea baada ya msiba wa Nyabate, wakacheleweshwa na fujo za uchaguzi. Nilisoma karatasi yako kwa sauti. Momanyi alipasua kuni hadi giza lilipoingia. Asubuhi aliweka maji motoni, akavaa shati safi, akaenda langoni kungoja wageni. Aliuondoa mti wa lango kwa mikono yake.

Walikuja kupika, kweli. Walitupikia nyumba na kila kilichokuwa ndani. Nimeishi na huo mzaha wako kila siku tangu siku ile. Kuua, nimeona watu wengi wakifanya. Lakini kuketi chini, kuchukua kalamu niliyokufundisha kuishika, na kuchagua neno la kuchekea?

Lazarus Onyiego


Kapsoit
9 Mei 2026

Mwalimu,

Nimesoma barua yako mara nne. Mzaha gani?

Hiyo karatasi ni mimi niliandika. Vijana walikutana Jumanne kwa uwanja wa shule na nikasikia na masikio yangu, "Kesho ni kwa Mwalimu." Walikuwa wananiangalia kwa sababu wewe ni rafiki yangu, singeweza kuvuka ua. Kredo ya simu haikuwa dukani wiki hiyo yote, unakumbuka. Nikafikiria mkebe ya maziwa, hiyo mtoto wa kuchunga alikuwa anapeleka kwako. Nikaandika wanakuja kupika kwako, watu ni wengi, uwe tayari. Ningeandika nini ingine? Wanakuja kupika. Kupika na panga, na mishale, na petroli. Nilijua mtatoroka hiyo hiyo jioni, mpite chini kwa mto.

Asubuhi nikaona moshi inatoka jikoni kwako. Nikamwambia Rebeccah, huyu mtu ana kiburi gani? Nimempa habari na bado anakaa anachemsha chai? Mwalimu, mimi nimekukasirikia hiyo miaka yote. Nilisema mtoto alikufa kwa sababu ya kiburi ya baba.

Kimeli

Mwalimu, ni mimi Cheptoo. Naandika hapa chini kabla sijatuma. Mzee anamaanisha kupiga. Kwake ni neno moja, kwa hilo neno hasikii tofauti ya K na G, na kila mara anaandika K. Nilipoona maneno ya ile karatasi kwa barua yako nilielewa, nikayaandika yote mawili kwa ukuta na makaa, moja chini ya lingine, nikamwonyesha. Ameketi mbele ya huo ukuta tangu saa nne. Chakula amekataa.


Lowell
7 Juni 2026

Kimeli,

Nimechelewa. Nililazwa siku tisa. Wamebadilisha betri ya kile kifaa.

Uliketi dawati la mbele katika darasa la ngumbaru, kwenye kile kibanda cha kununulia chai, Jumanne na Alhamisi baada ya majani kupimwa. Wanafunzi kumi na wanane wenye mvi. Mwaka wa 1997 nilimwomba kila mmoja aandike sentensi kuhusu uchaguzi, nawe ukasimama ukasoma yako: "Kesho tutapika kura." Darasa zima lilicheka hadi Mama Sellah akakohoa. Ukauliza, "Kwani hatutapika?" Nikasema huenda arap Sigilai anajua zaidi kuliko sisi, wakacheka tena. Niliizungushia ile K wino mwekundu. Niliizungusha mwaka mzima. Ulikuwa ukiandika kupika simu, kupika kelele, kupika magoti. Hata katika barua yako ya Aprili umeniandikia kwamba Cheptoo amepika picha, na mimi, mwalimu wa lugha, nilipita juu ya neno hilo kama mtu anayeruka mfereji.

Kapsoit nzima, mtu aliyejua jinsi unavyoandika alikuwa mmoja tu.

Na kuna jambo ambalo Esnah halijui. Momanyi aliniuliza, "Baba, watu wanakuja kupika siku kama hizi, barabara zimefungwa?" Nikamkemea. Nikamwambia arap Sigilai akiandika jambo ni jambo.

Natafsiri bado. Nimefika mahali ambapo waliotangaza uhuru wanawalalamikia wenyeji wa nchi hii, na wanawaita kwa neno ambalo kwa Kiswahili sina jingine ila washenzi. Washenzi wasio na huruma. Nilipoliandika, mkono ulilijua. Daftari langu la kambi ya wakimbizi Kericho, tulikolala baada ya siku ile, limejaa neno hilo, na hapo lilikuwa linawataja ninyi.

Orodha yangu nimeichana. Swali langu liko pale pale.

Lazarus


Kapsoit
18 Juni 2026

Mwalimu,

Nakujibu sasa. Cheptoo anakaa hapa karibu na mimi kwa hizo herufi.

Momanyi yuko kwangu. Mistari sita ya chai kutoka mto, upande wa ua wako. Walipoenda kuchoma kwa Onyancha wa dukani, mimi na Rebeccah tulivuka. Mbwa walikuwa wameanza kukaribia. Tulimfunga na blanketi yetu. Tulichimba katikati ya chai, nikapiga magoti nikaomba kwa Kipsigis, kwa sababu ya Kikisii sijui. Halafu tukarudisha majani juu.

Hiyo mahali haijachumwa tena. Unajua chai ukiiacha inakuwa mti. Sasa imepita paa ya nyumba. Wachumaji huwa nawaambia kuna nyuki. Watu wa kiwanda waliuliza, nikasema ni za mbegu.

Unauliza mbona sikusema. Rebeccah alitaka nikuandikie, alikufa akitaka. Mimi nilikataa, na hii ndiyo sababu, Mwalimu, na nikimaliza kuandika unaweza kunifanya chochote. Mkono wa kwanza kwa mtoto wako ilikuwa ya Kimutai. Nilikuwa nimesimama kwa ua nikaona. Mtoto wangu mwenye alikuwa anakuja kwako kusoma na taa yako. Jioni alirudi akanawa kwa karai ya ng'ombe, na sisi wawili hatujawahi kuongea hiyo kitu mpaka wiki iliyopita. Nilimwita nikamwonyesha ukuta ya Cheptoo na karatasi yako. Alisoma akatoka nje. Nilimkuta amelala chini kwa hiyo miti.

Kimeli


Lowell
5 Julai 2026

Kimeli,

Jana nilisoma. Palikuwa na watu kama mia tatu kwenye bustani ya maktaba, wenye bendera ndogo mikononi na watoto mabegani. Kabla yangu alisoma mama mmoja wa Kambodia. Watu wake pia waliuana, na alikuwa akisoma machozi yakimtoka bila kuikatiza sauti. Kipande chake kilisema binadamu wote wameumbwa sawa.

Kisha mimi. Nilisoma makosa yote ya mfalme. Nilipofika kwa washenzi wasio na huruma, nilisoma kama ilivyoandikwa, kisha nikaongeza sentensi yangu: "Nasi tulichoma vijiji vyao arobaini, tukafyeka mahindi yao na miti yao ya matunda, na jambo hilo hatukuliandika hapa." Halimo katika Tangazo. Jeshi la uhuru lilifanya hivyo miaka mitatu baadaye, na limo vitabuni. Watu walipiga makofi kwa nguvu. Waliofahamu Kiswahili ni manesi watatu wa Kisii waliosimama nyuma. Mmoja, Janefer, alinijia baadaye na sahani ya kuku. "Mzee, nilisoma shule, hiyo sikuisikia." Nikamwambia huenda mwalimu wake aliiruka.

Jua lilipotua walirusha fataki. Nilikuwa nimeambiwa nikae ndani, nikakataa. Mabati ya nyumba yangu ilipoungua yalipasuka kwa sauti ile ile, moja, kisha mengi kwa pamoja. Na harufu ni ile ile. Watoto walikuwa wakishangilia, nami nilikuwa nimeshika kiti nikijua kabisa niko wapi, na mwili wangu haujui.

Hawa watu nawaheshimu. Wamejifunza kumwigiza mtu anayeanguka, na wanamwigiza vizuri. Sijaona aliyejitolea kuigiza jirani aliyebeba lami.

Sasa, kuhusu Kimutai. Nimekaa na jina lake wiki mbili. Nilimfundisha kugawanya kwa mbili, kwa taa, mezani kwangu, Momanyi akiwa upande wa pili. Nilitaka afe. Nakuandikia hili kwa sababu ni kweli. Kuna siku tatu ambapo sikutaka kitu kingine.

Nataka haya. Amchimbue mwanangu yeye mwenyewe, mchana, chifu na watu wakiwapo. Amlete Kisii kwa ndugu yangu Mageto yeye mwenyewe, asitume mtu, na aseme kwa kinywa chake ni nani. Siahidi jinsi watakavyompokea; vijana wa Mageto wamekua na habari hii. Na aniandikie maneno ya mwisho ya Momanyi. Kutoka kwenye sukuma wiki niliona midomo yake ikisogea. Alimwambia kitu. Sikusikia.

Lazarus


Kapsoit
26 Julai 2026

Mwalimu,

Mimi ni Kimutai. Cheptoo ndiye anaandika, mimi nasema. Mkono wangu wa kulia umevunjika mahali mbili.

Nilichimba Jumanne kuanzia saa tatu. Chifu alikuja na polisi wawili, na watu wakajaa mpaka kwa barabara. Nilikata ile miti kwanza. Mizizi ilikuwa imepita katikati yake na ilibidi niitoe moja moja na kisu. Kuna mtu alirusha jiwe akaniita msaliti, ikanipata juu ya jicho, nikaendelea. Blanketi ya mama ilikuwa imebaki pindo tu. Vifungo vya shati vilikuwa vyote. Mahali panga iliingia kwa kichwa niliijua. Niliweka kidole hapo. Nilitaka kukuambia hiyo kwa sababu ulisema niseme.

Alhamisi tulienda na pikapu ya Kiplimo, kupitia Sotik. Mzee alikuja, akakaa ndani ya gari na Biblia. Huko kwa Mageto watu walikuwa kama mia mbili. Nilishuka nikasema jina langu na la baba yangu na kitu nilifanya. Halafu mmoja akaniuliza, "Ulitumia mkono gani?" Nikainua huu. Walinishika wakauweka juu ya gogo wakaupiga na rungu. Mageto alikuwa amesimama karibu na sanduku anaangalia. Mfupa ulipolia mara ya pili ndio akasema inatosha. Tukamzika karibu na mama yake. Nilitupa mchanga na kushoto. Polisi Kericho wamechukua maneno yangu, wanasema wataniita.

Sasa kile uliuliza.

Barabara yenu ilikuwa na kona hapo kwa miti ya blugamu. Mimi nilikuwa mbele, kwa hivyo aliniona peke yangu kwanza. Panga ilikuwa mkononi, lakini kila mtu hutembea na panga. Alikuwa ametoa mti wa lango tayari. Alikuwa anacheka kidogo, vile mtu anacheka akiona mtu wa kwao. Akasema hivi: "Kimutai, karibuni. Wamama wako nyuma?"

Nyuma yangu walikuwa watu kama sitini, wanaume, wamejipaka matope usoni. Walisikia. Wakapiga kelele, ati ametuita wanawake, ati mpaka leo Mkisii anatuita wanawake kwa lango yake. Kila mtu alikuwa ananiangalia mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili.

Watu husema ilikuwa ardhi, wengine husema ilikuwa kura. Mimi nilimpiga kwa sababu ya hiyo swali. Nimetembea nayo kama tusi miaka hiyo yote, na kuna siku nilikuwa naikumbuka ili nipate kulala. Mpaka mwezi wa sita mzee aliponionyesha ile karatasi, sikujua kwamba alikuwa anauliza tu.

Kimutai